Boulenger na majina ya samaki wetu

Mukeke tunayemnunua hapa Baraka alipewa jina lake la kitaalamu mwaka 1914. Aliyempa ni George Albert Boulenger, Mbelgiji aliyezaliwa Brussels mwaka 1858, ambaye hakuwahi kuishi kando ya ziwa letu.

Alianza kazi katika makumbusho ya Brussels, kisha mwaka 1882 akahamia makumbusho ya London. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, tena alipiga fidla. Alipostaafu mwaka 1920 alikuwa amewapa majina zaidi ya spishi 2,500 za samaki, vyura na watambaao.

Samaki wa Tanganyika walimfikia ndani ya chupa za pombe kali. Alihesabu magamba, miiba ya mapezi na meno. Lakini ndani ya chupa rangi hufifia, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Mwaka 1898 alimwandika Tropheus moorii, samaki mdogo wa miamba aliyeletwa na Mwingereza Moore. Samaki huyu havuki kirahisi mchanga wala kilindi, kwa hiyo wa Ubwari si kama wa upande mwingine wa ziwa. Rangi zinazojulikana leo zinapita mia. Wataalamu wengine husema wanaoweza kuzaana ni spishi moja. Wengine husema waliotengana muda mrefu hivyo wanastahili kila mmoja jina lake. Mpaka leo hawajapatana.

Si maneno ya vitabuni tu. Samaki hawa hukamatwa hai na kuuzwa ng'ambo kama mapambo. Mwamba mmoja ukimalizwa, kwa hesabu ya wa kwanza tumepoteza rangi. Kwa hesabu ya wa pili, kiumbe kizima kimetoweka duniani.

Wako wanaoniuliza kama ubishi huu unaipinga Mwanzo. Mimi naona Adamu alipewa kazi ya kutoa majina. Hakuahidiwa kwamba ingekuwa nyepesi.

Baada ya kustaafu, Boulenger alirudi Ubelgiji kuchunguza mawaridi, maua yanayochanganyika mno hata wataalamu wake nao wanagombana. Alifariki Saint-Malo, Ufaransa, mwaka 1937.

Mukeke alikuwa amemtengea jenasi yake peke yake, Luciolates. Mwaka 1976 Greenwood akamhamishia Lates, pamoja na sangala. Tangu hapo jina la Boulenger huandikwa ndani ya mabano baada ya jina la mukeke, alama kwamba samaki amehamishwa nyumba.