El Cachafaz: Gwiji wa densi ya tango aliyekweza hatua ya kawaida

TANGO, si lile la kachumbari bali densi ya Argentina, huanza kwa kutembea tu. Mwanagenzi hafundishwi madoido yoyote kabla ya kujua kutembea na mwenzake kifua kwa kifua, na aliyeikweza hatua hiyo kuliko wengi ni Ovidio José Bianquet, maarufu kama El Cachafaz, yaani mtundu asiye na haya.

Bianquet alizaliwa mwaka wa 1885, enzi ambapo tango ilikuwa densi ya mitaa duni ya jiji la Buenos Aires na waliojiita waungwana waliidharau. Kilichowaudhi zaidi ni wachezaji kusita ghafla katikati ya mwendo, kisha kupinda viuno wakiwa wamekumbatiana.

Cachafaz hakuyatupa madoido hayo. Aliyacheza kwa utulivu na mizani, akafungua vyuo vya densi, na wanafunzi wakamiminika, wakiwemo wa jamii tajiri.

Katika tango, mwanamume huongoza kwa kifua, si kwa kusukuma mikono. Mwanamke hurudi nyuma, na akifika mahali pa kutulia, huvusha mguu wa kushoto mbele ya ule wa kulia. Kutoka hapo anaweza kuchora tarakimu ya nane sakafuni, akigeuka juu ya wayo mmoja kila nusu ya mchoro, au kumzunguka mwenzake aliyesimama kama mhimili. Anayedhani ni rahisi na ajaribu kurudi nyuma hatua kumi kwa viatu vya visigino virefu bila kutazama chini!

Hakuna mpangilio unaokaririwa. Kila hatua hubuniwa papo hapo, na ndiyo sababu ufundi wa mchezaji ungeweza kuzikwa pamoja naye.

Ufundi wa Cachafaz ulinusurika kwa sehemu ndogo mwaka wa 1933, alipocheza na Carmencita Calderón katika Tango!, mojawapo ya filamu za kwanza za sauti nchini Argentina. Wapenzi wa densi hii wangali wanaichunguza miguu yake humo.

Alifariki Februari 1942 katika mji wa pwani wa Mar del Plata, akiwa na umri wa miaka 56. Calderón, mwenzake wa mwisho, aliendelea kucheza hata uzeeni. Alifariki mwaka wa 2005 akiwa na miaka 100.