Karoli Lwanga, Mlinzi wa Vijana

Wenye hekima wa Kiebrania, ambao mafundisho yao yamo katika kitabu cha Methali, hawakumwambia kijana apime nguvu zake mbele ya kishawishi cha zinaa. Walimwambia apite mbali. Shauri hilo wazazi wa Ifakara na wa bonde zima la Kilombero huwapa watoto wao waendao mjini kutafuta kazi. Lakini itakuwaje ikiwa kishawishi chenyewe ni bwana ampaye kijana chakula chake? Apite wapi?

Karoli Lwanga alizaliwa Buganda yapata mwaka 1860, akaingia utumishini katika nyumba ya mfalme. Kabaka Mwanga, aliyeanza kutawala mwaka 1884, aliwataka vijana watumishi wake kimwili. Mkubwa wao, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliwakinga, tena alimkemea Kabaka kwa kumwua Askofu Hannington wa Kianglikana. Kwa hayo aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Siku ile ile Karoli alibatizwa, akashika kazi ya marehemu.

Hakuwa na askari, wala baraza la kushtakia. Aliwaepusha wadogo na Kabaka, akawafundisha dini, akawatia moyo. Hasira ya Kabaka ilipowaka huko Munyonyo, Mei 1886, usiku mmoja aliwabatiza waliokuwa bado, miongoni mwao Kizito, mwenye miaka kama 14. Kulipokucha walihukumiwa, wakatembezwa hadi Namugongo. Huko, tarehe 3 Juni, Karoli alitengwa na wenzake akachomwa kwa moto wa polepole. Nao wakafuata siku hiyo. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda, Karoli akiwa mmoja wao.

Basi, wapenzi wasomaji, Karoli alitambua kwamba shauri la kupita mbali halimtoshi mtoto aliye mikononi mwa mwenye nguvu. Mtoto huyo hakuufungua mlango wa dhambi, wala lawama si yake. Anahitaji mtu mzima wa kusimama kati. Binti au mwana akirudi nyumbani na habari mbaya ya tajiri wake, ya mwalimu au ya ndugu, asipokewe kwa fimbo wala kwa kunyamazishwa ili jina la ukoo lihifadhiwe. Asikilizwe, aaminiwe, na mzazi amtetee hata mbele ya mkubwa. Karoli alifanya hivyo mbele ya mfalme.