Louis Lumière: Cherehani ilivyomfungulia njia ya sinema

LOUIS Lumière, mmoja wa waasisi wa sinema duniani, alizaliwa Oktoba 5, 1864 mjini Besançon, Ufaransa, na kukulia Lyon, ambako baba yake, Antoine, alimiliki kiwanda cha vifaa vya kupigia picha.

Mwaka 1894, Antoine aliiona jijini Paris mashine ya Thomas Edison iliyoonyesha picha zinazotembea, lakini kwa mtu mmoja tu aliyechungulia tunduni. Wanawe, Louis na Auguste, wakaanza kutafuta namna ya kuzitoa picha hizo ukutani, zionwe na umati.

Kikwazo kilikuwa mwendo wa mkanda. Ukipita bila kusimama mbele ya taa, picha ukutani huvurugika. Kila picha haina budi kutulia kitambo, kisha ipishe nyingine.

Jibu Louis alilipata katika cherehani, ambayo husogeza kitambaa, hukiachia, kisha hukisogeza tena. Alibuni kucha mbili zilizoingia katika matundu ya kando ya mkanda, zikauvuta kwa kipimo cha picha moja, kisha zikachomoka na kurudi juu. Mkanda uliposogea, kisahani kilichozunguka kiliziba mwanga. Hayo yalitendeka mara 16 hivi kwa sekunde, kwa mkono wa kuzungusha.

Uvumbuzi huo ulisajiliwa Februari 13, 1895. Desemba 28 mwaka huo, watu 33 walilipa kiingilio kuutazama katika mgahawa wa Grand Café, Paris.

Lumière alifariki dunia Juni 6, 1948 huko Bandol. Kucha za aina hiyo ziliendelea kuvuta mikanda katika projekta za majumbani kwa miongo mingi.