Robert Koch, daktari aliyekikuta kipindupindu ndani ya maji ya kunywa

Mama anayechota maji lamboni huko Meatu au Itilima anajua hali ilivyo. Upande huu ng'ombe wanakunywa, upande ule mtu anafua, naye anajaza ndoo ya kupikia. Mwaka 1884, kwenye bwawa la namna hiyo mjini Calcutta, India, daktari mmoja Mjerumani alichota maji akayatazama kwa hadubini.

Alikuwa Robert Koch, aliyezaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa machimbo wa Clausthal. Kipindupindu alikutana nacho mapema, mwaka 1866, alipokuwa daktari kijana hospitalini Hamburg. Siku hizo madaktari wengi waliamini ugonjwa huo unaletwa na hewa mbaya. Baadaye akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo, akifanya uchunguzi nyumbani kwake baada ya kuona wagonjwa. Huko ndiko alikoonyesha, mwaka 1876, kwamba kimeta husababishwa na bakteria. Wafugaji wa Simiyu wanaujua ugonjwa huo. Mwaka 1882 akatangaza bakteria wa kifua kikuu.

Kule Calcutta watu walikuwa wakiugua kuzunguka bwawa lile. Nguo za mgonjwa wa kwanza aliyefariki zilikuwa zimefuliwa humo, na majirani walikunywa maji hayohayo. Ndani yake Koch alimkuta bakteria mwenye umbo la alama ya mkato, yuleyule aliyekuwa akimwona kwenye matumbo ya waliokufa. Kwa hiyo, mama, nguo na nepi za mtoto anayeharisha zisifuliwe lamboni wala karibu na kisima. Fulia mbali, na maji machafu yamwage chooni. Mtoto akianza kuharisha majimaji kama maji yaliyooshewa mchele, anza kumpa maji ya ORS papo hapo huku mkielekea kituo cha afya. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, na watu zaidi ya 8,000 walikufa. Serikali ilimtuma Koch. Hamburg ilivuta maji ya mto Elbe na kuyasambaza bila kuyachuja. Mji jirani wa Altona ulivuta maji ya mto uleule, tena kwa chini, yakiwa yamekwisha kupokea uchafu wa Hamburg, lakini uliyapitisha polepole kwenye mchanga. Altona waliugua wachache. Mpakani kulikuwa na mtaa ambao upande mmoja waliugua na upande wa pili wakasalimika, ingawa hewa yao ilikuwa moja.

Hapa mtu wa Bariadi anaweza kusema: basi maji yetu ya kufukua mchangani mtoni ni salama. Hapana. Mchanga unasaidia, lakini lile shimo liko wazi, mifugo inalifikia na mvua inaingiza kinyesi. Maji yanaweza kung'aa na bado yakawa na vijidudu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kipindupindu kilizuka mkoani kwetu Simiyu, kwa hiyo habari hii si ya Wazungu wa zamani tu.

Koch alikuwa ameshajaribu, mwaka 1881, dawa mbalimbali za kuua vijidudu, klorini ikiwemo. Ndiyo hiyo iliyomo kwenye vidonge vya WaterGuard. Lakini klorini ikikutana na tope, nguvu yake inaishia kwenye tope. Acha maji yatulie mpaka uchafu uzame, au tumia shabu kuuzamisha. Kisha mimina ya juu, chuja kwa kitambaa safi, ndipo uweke dawa. Shabu husafisha macho ya maji tu, haiui kipindupindu.

Koch alifika hata kwenye Ziwa Victoria letu. Mwaka 1906 alipitia Mwanza akielekea visiwa vya Sese, Uganda, kutibu malale kwa atoxyl, dawa yenye aseniki. Alipoongeza dozi, wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka. Sifa zake ni kubwa, Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1905, lakini hili halistahili kufichwa. Alifariki tarehe 27 Mei 1910.

Dawa ya maji nayo ina kipimo chake. Soma kwenye pakiti kidonge kimoja ni cha lita ngapi, kwa sababu vipo vya ukubwa tofauti. Usikate nusu kubana matumizi, wala usiongeze viwili ukidhani ndiyo usalama zaidi. Koroga, funika, subiri nusu saa kabla ya kunywa. Harufu kidogo ya klorini ni ya kawaida. Hifadhi maji kwenye chombo chenye mfuniko na koki, au teka kwa kata yenye mpini mrefu ili mikono isiingie. Kama dawa imekwisha, chemsha mpaka yatokote. Vidonge viweke juu, mtoto asivifikie, maana havimezwi.