Louis Pasteur na Watoto Walioumwa na Mbwa

Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa ambaye jina lake hutajwa kila inapozungumzwa chanjo ya kichaa cha mbwa, alikuwa mtoto wa askari. Baba yake alipigana katika jeshi la Napoleon, na vita vilipokwisha akarudia kazi yake ya kutengeneza ngozi. Pasteur alizaliwa mjini Dole tarehe 27 Desemba, 1822, akakulia Arbois. Huko, mwaka 1831, mbwa-mwitu mwenye kichaa aliwauma watu kadhaa, na mtoto huyo wa miaka minane akashuhudia majeraha yao yakichomwa kwa chuma cha moto kwa mhunzi.

Hatutakawia katika kazi zake juu ya mvinyo, viwavi wa hariri na kimeta, kwani hayo yamekwisha andikwa mara nyingi. Yatosha kusema kwamba hakuwa daktari bali mwanakemia, na kwamba tangu mwaka 1868 upande wake wa kushoto ulikuwa umepooza. Yeye na msaidizi wake, Daktari Émile Roux, walitwaa uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa kichaa, wakaukausha ndani ya chupa. Kadiri ulivyokauka ndivyo nguvu ya ugonjwa ilivyopungua. Mbwa waliodungwa kwanza ule mkavu, kisha siku hata siku ule mbichi zaidi, walipata kinga.

Tarehe 6 Julai, 1885, mama mmoja kutoka Alsace alifika Paris na mwanawe, Joseph Meister, mwenye umri wa miaka tisa. Siku mbili kabla, mbwa alikuwa amemuuma mahali kumi na nne. Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Si kila aumwaye na mbwa mwenye kichaa huugua. Yumkini mtoto yule angepona bila dawa yoyote. Lakini akiisha kuugua, hapana wa kumwokoa. Tena sindano za mwisho zilikuwa na ugonjwa wenye nguvu kamili, uwezao kumwua mtoto ambaye pengine angeishi. Roux aliona mapema mno, akakataa kushiriki. Pasteur aliwauliza madaktari Vulpian na Grancher, nao wakakubali. Kwa kuwa sheria haikumruhusu Pasteur kutibu, Grancher ndiye aliyedunga: sindano kumi na tatu kwa muda wa siku kumi na moja. Mtoto akapona.

Sisi tulio jeshini, tuliozoea kupokea na kutoa amri, twaona kwamba Roux hakuwa mwoga. Madaftari ya Pasteur, yaliyofichwa na jamaa zake hadi mwaka 1964, yalipochunguzwa yalionyesha kuwa majaribio ya mbwa kwa utaratibu ule ule aliomtumilia mtoto yalikuwa hayajakamilika. Wanahistoria wangali wakibishana juu ya jambo hilo. Kwa maoni yetu, kumtibu kulikuwa haki; kuuacha umma uamini kwamba ushahidi ulikuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa, hakukuwa haki.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo alifika mchungaji kijana, Jean-Baptiste Jupille, aliyepigana na mbwa mwenye kichaa kwa mikono yake ili wenzake wadogo wakimbie. Naye alipona, na sanamu yake ipo Paris hata leo.

Lakini tarehe 9 Novemba aliletwa Louise Pelletier, binti wa miaka kumi, aliyeumwa kichwani siku thelathini na saba kabla. Pasteur alijua kwamba muda umepita, na kwamba kifo cha mtoto huyo kingewapa wapinzani wake silaha na kuwatia hofu wengine waliohitaji tiba. Angeweza kumrudisha nyumbani. Wazazi walimsihi, akamtibu, na mwanzoni mwa Desemba binti akafa, Pasteur akiwa karibu na kitanda chake.

Taasisi ya Pasteur ilifunguliwa Paris mwezi wa Novemba, 1888. Mwenyewe alifariki tarehe 28 Septemba, 1895, na amezikwa ndani yake. Joseph Meister alipokuwa mtu mzima aliajiriwa huko kuwa bawabu, akailinda kazi hiyo mpaka alipokufa mwezi wa Juni, 1940.