Padri Antonio Vivaldi, Mwalimu wa Watoto Waliotupwa

Mji wa Venezia, katika nchi ya Italia, umejengwa juu ya maji, na zamani watu wake walisafiri kwa mitumbwi toka nyumba hata nyumba. Humo ndimo alimozaliwa Antonio Vivaldi, tarehe 4 Machi 1678. Alikuwa mtoto dhaifu sana, hata mkunga akambatiza mara moja nyumbani, kwa kuhofu asije akafa. Baba yake, aliyekuwa kinyozi hapo kwanza, alipiga fidla katika kanisa la Mtakatifu Marko. Ndiye aliyemfundisha mwanawe chombo hicho cha nyuzi nne, kinachopigwa kwa upinde kama zeze.

Mwaka 1703 Antonio akapewa Upadri. Kwa ajili ya nywele zake watu walimwita Padri Mwekundu. Lakini kifua kilimbana siku zote, na muda si mrefu akashindwa kutolea Misa. Mwaka ule ule aliitwa kufundisha fidla katika nyumba ya Pietà.

Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1346 ili kuwapokea watoto wachanga waliotupwa. Ukutani palikuwa na tundu. Mama aliyeshindwa na umaskini au aibu alimweka mtoto humo, akaenda zake. Wengine waliacha nusu ya medali, wapate kumtambua mtoto wao siku moja. Walio wengi hawakurudi.

Wasichana walilelewa humo bila jina la ukoo. Wengi walifundishwa kushona na kufuma. Wenye sikio jema walitiwa katika kundi la waimbaji na wapiga vyombo. Hao waliitwa kwa jina la ubatizo pamoja na chombo chao: huyu Fulani wa Fidla, yule Fulani wa Kinanda. Chombo kilishika mahali pa ukoo. Waliokwisha kujua waliwafundisha wadogo, na Padri Antonio aliwasimamia, aliwanunulia vyombo, na kuwatungia nyimbo zilizolingana na nguvu za mikono yao. Kwa msichana mmoja, Anna Maria, alitunga zaidi ya 20, nyingine ngumu mno.

Walipopiga kanisani walikaa juu, nyuma ya kimia cha chuma, hata wasikilizaji wasiweze kuwaona vema. Wageni walisafiri kutoka nchi za mbali kuja kuwasikia. Mwaka 1716 waliimba habari za Yuditi, na hata sauti ya jemadari Holoferne ilitoka kinywani mwa msichana.

Lakini mwalimu wao hakuwa na kazi ya hakika. Kila mwaka wakubwa wa nyumba walipiga kura kama abaki au aende. Mwaka 1709 kura 7 zilimkataa, 6 zikamkubali. Akaondoka, wakamrudisha mwaka 1711. Baadaye alizunguka miji mingi kwa michezo ya kuimba, na wengine walimlaumu kuwa padri asiyesoma Misa. Mwaka 1737 Kardinali wa Ferrara alimkataza kuingia mjini mwake. Hata hivyo wasichana hawakuachwa mikono mitupu. Tangu mwaka 1723 alipatana na Pietà kuwapa nyimbo mpya mbili kila mwezi. Akiwa safarini azipeleke kwa posta, akiwapo azizoeze nao mara tatu au nne.

Mwaka 1740 alikwenda Vienna kutafuta msaada wa Kaisari, lakini Kaisari akafa mwaka huo huo. Padri Antonio akafa huko maskini, tarehe 28 Julai 1741, akazikwa kama maskini wengine.

Nyimbo zake zikasahauliwa karibu miaka 200. Mwaka 1926 Wasalesiani wa Borgo San Martino (ndio shirika lile lile lililofika Elisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1911) walitaka kuuza vitabu vya zamani ili watengeneze nyumba yao. Humo yakaonekana maandiko ya mkono wa Vivaldi mwenyewe, ambayo sasa yamo Torino.

Anna Maria alibaki Pietà, akiwafundisha wadogo, mpaka alipokufa mwaka 1782. Kitabu chake cha nyimbo kingali Venezia.