Yolanda King: Kifungua mimba wa Martin Luther King aliyeliliwa hadi na watu wasiomjua

Si unajua vile mtoto wa mtu maarufu huteseka? Akiomoka, watu wanasema ni jina la buda. Akiteleza, amemwaibisha buda. Na akifa, watu wanamlilia buda mara ya pili.

Leo tupige stori ya Yolanda Denise King, mtoto wa kwanza wa Martin Luther King Jr na Coretta Scott King. Ukimaliza kusoma, amua mwenyewe kama umati uliojaa kanisani Atlanta mwezi Mei 2007 ulikuwa unamlilia yeye ama babake.

Bomu kabla ya kutambaa

Yolanda, ambaye nyumbani walimwita Yoki, alizaliwa Novemba 17, 1955, Montgomery, Alabama. Wiki mbili baadaye, Rosa Parks akakataa kumpisha mzungu kiti kwa basi, makarao wakamshika. Watu weusi wakagoma kupanda mabasi, na pasta mmoja wa miaka 26 akapewa usukani wa huo mgomo. Huyo ndiye buda yake Yoki.

Wabaya wao hawakukawia. Januari 30, 1956, bomu lilirushwa kwa veranda ya keja yao. Buda alikuwa mkutanoni. Waliokuwa ndani ni mathe, rafiki wa kanisani na huyu mtoi ambaye hata miezi mitatu hakuwa amefikisha. Mungu ni nani, walitoka wazima. Lakini weka hiyo tarehe kwa akili, tutaihitaji.

Familia ikahamia Atlanta. Huko Yoki akaona kwa TV tangazo la Funtown, bustani ya michezo ya watoto, akataka kupelekwa. Sasa wewe ni mzazi, utamwambiaje mtoto kwamba hawezi kuingia kwa sababu ya rangi yake? Hayo machozi ya Yoki yalimkaa King moyoni hadi akayaandika kwa ile barua yake maarufu kutoka jela ya Birmingham, 1963.

Aprili 4, 1968, King akapigwa risasi Memphis. Yolanda alikuwa na miaka 12. Alimuuliza mamake kama anafaa kumchukia aliyemuua babake, na mathe akamwambia hapana, baba yako hangetaka hivyo. Mwaka uliofuata, mjomba wake A.D. King akapatikana amekufa kwenye kidimbwi cha kuogelea. Na 1974, nyanyake Alberta akapigwa risasi akicheza kinanda ndani ya Ebenezer, kanisa lao wenyewe, Jumapili asubuhi. Manze, hiyo familia ilizoea matanga ile mbaya.

Alichagua jukwaa

Hapo wengi walimtarajia awe pasta ama mwanasiasa. Yeye akachagua uigizaji. Akiwa bado haiskuli aliigiza kama kahaba kwenye mchezo wa The Owl and the Pussycat, mwenzake jukwaani akiwa kijana mzungu. Wazee wa kanisa waliwaka! Hakuacha. Alisomea Smith College, kisha akachukua digrii ya pili ya uigizaji New York.

Na hebu angalia alichoigiza. 1978 alikuwa Rosa Parks kwenye filamu ya TV kuhusu maisha ya babake, yule yule mama aliyeshikwa wakati Yoki ana wiki mbili. 1996, kwa Ghosts of Mississippi, alikuwa Reena, binti ya Medgar Evers, mpigania haki aliyeuawa 1963. Yaani binti wa mtu aliyeuawa anaigiza binti wa mtu aliyeuawa. Halafu alianzisha kikundi cha maigizo na Attallah Shabazz, binti wa kwanza wa Malcolm X. Wazee wao walipingana hadharani miaka na miaka, lakini mabinti walizunguka Marekani pamoja wakiigizia vijana.

Mei 2007

Agosti 2005 Coretta alipatwa na kiharusi. Akafariki Januari 30, 2006. Umeiona hiyo tarehe? Miaka 50 kamili tangu bomu la Montgomery. Kwa mazishi yake marais wanne walifika, wa wakati huo na watatu wa zamani.

Yolanda aligeuza uchungu kuwa kazi, akawa sura ya kampeni ya kuwahimiza watu weusi wajikinge na kiharusi. Lakini Mei 15, 2007, alianguka ghafla kwa rafiki wa familia, Santa Monica, California. Hakuamka. Familia ilidhani ni moyo. Alikuwa na miaka 51, na ndiye wa kwanza kati ya wale watoto wanne kuondoka.

Mei 24 watu walifurika Ebenezer kumuaga. Wengi hawakuwahi kukutana naye hata siku moja, walikuja kwa heshima ya ile familia. Barua ya Maya Angelou ikasomwa. Martin III, Dexter na Bernice wakawasha mshumaa kwa ajili ya dada yao mkubwa.

Wazazi wake wamelala pamoja kwenye kaburi la marumaru hapo hapo karibu na kanisa, na watalii hupiga picha kila siku. Yolanda hayuko hapo. Alichomwa, kama alivyotaka mwenyewe.

Maoni yangu? Hakuna ubaya kumlilia mtu kwa sababu ya babake. Umati ulikuja kwa jina la King na ukasikia kwamba kulikuwa na Yoki. Dexter naye alipofariki Januari 2024, habari zilianza na jina la baba vile vile. Kwa hivyo siku ukikutana na Ghosts of Mississippi, mtafute huyo dada anayeigiza Reena. Hapo hakuwa mtoto wa King. Alikuwa kazini.